Barua ya wazi kwa wauguzi wapya: andikeni yaliyofanywa na mikono yenu

Wanangu,

Marahaba, kwa wote mlionisalimu kimoyomoyo. Na hongereni kwa kuvua sare za uanafunzi.

Najua mko wapi sasa hivi. Mmekaa mbele ya karatasi ya wasifu wa kuombea kazi, juu mmeandika jina, chini ya jina mmeandika shule na chuo, kisha mmefika kwenye "Uzoefu wa kazi" mkakwama hapo. Tangazo linataka miaka miwili, nawe umehitimu juzi tu. Basi unafanya kama nilivyofanya mimi enzi zangu: pengo unalijaza sifa.

Wasifu wangu wa kwanza niliupiga kwa taipureta ya kuazima. Nilijiita mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, ninayemudu mazingira magumu. Nikaongeza kwamba napenda kusafiri, ilhali safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda chuoni. Miezi niliyosimama wodini usiku kucha nikaiandika kwa mstari mmoja: "Nilifanya mazoezi hospitalini." Na ili balaa likamilike, namba ya leseni nikaikosea tarakimu moja. Sikuitwa popote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa metroni, nilikaa upande wa pili wa meza. Unaletewa bunda la maombi na unatakiwa uchuje kabla zamu haijabadilishana. Kila mwombaji ni mchapakazi. Kila mwombaji anajituma. Sijawahi kukutana na muuguzi aliyeandika kuwa ni mvivu. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini ndani ya bunda lile chema hakijiuzi hata kidogo, kimelala katikati na wenzake na vyote vinafanana.

Kilichokuwa kinanifanya nisimame na kuvuta kiti ni pale mtu alipoandika kama anavyoandika kwenye faili la mgonjwa. Kwenye faili huandiki "mgonjwa anaendelea vizuri sana". Unaandika joto, mapigo, presha, amekunywa kiasi gani, amekojoa kiasi gani, saa ngapi. Mlifundishwa hivyo miaka yote ya chuo. Iweje mkifika kwenye habari zenu wenyewe muisahau kazi hiyo?

Chukueni logibuku zenu, yaani daftari za kumbukumbu za mafunzo, zile mlizokuwa mnamkimbiza nazo msimamizi kwenye korido awasainie. Humo ndimo uzoefu wenu ulimo. Mafunzo ya vitendo si ajira, na msiyaite ajira, ila yana haki ya kupata kichwa chake na nafasi kubwa kwenye ukurasa. Mtu asiyekuwa na historia ya kazi ayapandishe juu, mara tu baada ya leseni na elimu.

Tazama tofauti. Mmoja anaandika: "Nilifanya mazoezi wodi ya watoto." Mwingine anaandika: "Wodi ya watoto, vitanda 32, wiki 8, zamu za mchana na usiku. Chini ya msimamizi nilihudumia watoto 4 hadi 6 kwa zamu: kupima joto, mapigo, upumuaji na oksijeni, kupima uzito na kukokotoa dozi kwa kilo, kuangalia dripu, kulisha kwa mrija wa puani, kuwaelekeza wazazi namna ya kutoa dawa nyumbani." Huyu wa pili nimeshamwona akitembea wodini. Na hapo kwenye kukokotoa dozi kwa kilo ndipo ningeweka tiki, kwa sababu nukta ikihama nafasi moja mtoto anapata dozi mara kumi. Anayelitaja jambo hilo bila kuulizwa anajua hatari iko wapi.

Fanyeni hivyo kwa kila wodi mliyopita, ila si kwa urefu uleule. Kama kazi ni ya chumba cha wagonjwa mahututi, wiki zako za huko na za chumba cha dharura zipate mistari mitano, na kliniki ya chanjo ipate mmoja. Ukiomba kazi ya wodi ya wazazi, geuza: ujazaji wa patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni, uangalizi wa mama baada ya kujifungua, hayo ndiyo yatangulie. Wasifu mmoja unaotumwa kila mahali bila kubadilishwa neno unajulikana tu. Halafu siku hizi sehemu nyingi maombi huchujwa kwanza na programu ya kompyuta kabla ya macho ya mtu, kwa hiyo tumieni maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuhusu kweli. Mapambo, visanduku na rangi acheni. Mashine huvuruga, na sisi wazee macho yanatuuma.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike barua hii. Mnapoorodhesha ujuzi, semeni mmeufikisha wapi. Kuna kuona, kuna kusaidia, kuna kufanya ukiangaliwa, na kuna kufanya mwenyewe. Ni mambo manne, na wodini tunayatofautisha kwa sababu mgonjwa anaweza kufa katikati yake.

Siku moja tulimsaili kijana aliyeandika kuwa ni mahiri wa kuweka kanula, kile kimrija kinachoingizwa mshipani cha kupitishia dripu na dawa. Mahiri! Nikamuuliza: mgonjwa mzima anavuja damu nyingi, unachukua kanula ya rangi gani? Akafikiri, akasema ya bluu. Ya bluu ni namba 22, tundu lake jembamba. Namba ikipungua tundu linapanuka, kwa hiyo kwa mgonjwa yule ningetaka kusikia kijivu au rangi ya chungwa, yaani 16 au 14, au hata kijani, namba 18, kama mshipa haukubali kubwa zaidi. Kosa lenyewe lingefundishika kwa dakika tano. Tatizo lilikuwa lile neno mahiri. Kuanzia hapo kila mstari kwenye karatasi yake tuliusoma kwa shaka, hata iliyokuwa ya kweli.

Wiki ileile alikuja binti ambaye kwenye wasifu wake aliandika hivi: "Nimeweka kanula 23 nikiangaliwa. Zikinishinda baada ya majaribio mawili, namwita muuguzi mwandamizi." Nilimsomea mwenzangu mstari ule kwa sauti. Alikuwa anatwambia idadi, anatwambia kiwango chake, na anatwambia kwamba hatamtoboa mgonjwa mara saba kwa kuona aibu. Tulimchukua.

Leseni iandikwe juu kabisa, si mwisho: jina la baraza lililokusajili, namba, tarehe ya kuisha. Isomeni namba hiyo kwa sauti, tarakimu moja moja, mtu mwingine akiwa ameshika cheti. Mnajua kwa nini nasisitiza. Kama matokeo ya mtihani wa leseni hayajatoka, andikeni kwamba mmeufanya na mnasubiri, na mtaje tarehe. Kusubiri si aibu. Cheti cha kuhuisha moyo na mapafu nacho kiwe na tarehe ya ukomo, maana vyeti hivi huisha. Kile cha American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, hudumu miaka 2. Kama kimeisha, kahuisheni cheti kwanza ndipo muombe.

Mlifundishwa kukabidhi zamu kwa mtindo wa SBAR, yaani hali ilivyo, historia, tathmini na pendekezo? Andikeni, na mseme mlikabidhi mkiwa wodi gani. Mmetumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta? Utajeni kwa jina. Mnazungumza lugha zaidi ya moja? Hilo ni ujuzi wa kitabibu, usilifiche chini pamoja na "napenda muziki". Usiku wa manane, mgonjwa anayeeleweka anapona haraka kuliko yule anayekisiwa.

Wapo waliofanya kazi nyingine kabla ya uuguzi wakaona haya kuitaja. Umeshika daftari la mauzo miaka miwili bila upotevu? Umefundisha watoto tuisheni? Umepokea simu za wateja wenye hasira? Iandike kwa mistari miwili, uonyeshe kilichohusu uaminifu, hesabu au kuongea na watu. Ile ya kumuuguza bibi nyumbani ina nafasi yake kwenye barua ya maombi, kwa sentensi moja, kama ndiyo iliyokuleta kwenye kazi hii. Kwenye wasifu iache.

Habari ya mgonjwa isiingie kamwe. Nimewahi kusoma wasifu uliotaja ugonjwa, kitanda na mwezi, mpaka nikamtambua mtu. Niliufunga pale pale. Anayeropoka kwenye karatasi ataropoka na kwenye daladala.

Wadhamini wawe waliokuona ukifanya kazi. Mkuu wa chuo mwenye cheo kirefu asiyeikumbuka sura yako hakusaidii kitu. Muuguzi msimamizi aliyekaa nawe zamu kumi za usiku, huyo ndiye. Mwombeni ruhusa kwanza, mpeni nakala ya wasifu wenu, na mmwambie ni kazi gani mnaomba, asije akapigiwa simu akauliza "Nani?"

Urefu: ukurasa mmoja unatosha, miwili ukiwa umepita wodi nyingi. Usipunguze maandishi mpaka yawe kama ya kwenye chupa ya dawa ili tu yaenee. Utume kama PDF, jina la faili liwe jina lako na neno muuguzi, si "wasifu mpya wa mwisho 3". Anwani ya barua pepe iwe ya mtu mzima. Hapo mnaelewa.

Kisha mpeni mtu asiyekuwa muuguzi asome. Akiuliza "hapa ulifanya nini hasa?", mstari huo bado haujaandikwa.

Na mkishatuma, simu isizimwe, hata namba ikiwa ngeni. Sisi mametroni hupiga katikati ya kazi, tena mara moja tu.

Ni mimi mama yenu,
Metroni mstaafu