Shukrani kwa dada wa kwenye foleni ya maabara

Dada, jina lako sikulipata. Ulikuwa umebeba mtoto mgongoni, ukamtazama binti yangu wa miaka 5, ukaniuliza kama anakula. Nikakwambia anakula kumshinda baba yake, ila anazidi kukonda. Ukamshika mkono, ukahesabu mapigo ya moyo huku ukiangalia saa, ukanionyesha vidole vinavyotetemeka. "Mama, mwambie daktari apime na tezi ya shingo."

Kabla yako tulishapewa dawa za minyoo tena na tena. Shuleni walisema ni mtundu, hatulii. Majirani nao walikuwa na jibu lao tayari: kijicho.

Majibu yalipotoka, T4, homoni ya tezi hiyo, ilikuwa juu sana, na TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, karibu haipo. Ni ugonjwa wa Graves: kinga ya mwili wenyewe inaichochea tezi dundumio, hiyo ya shingo, itoe homoni kupita kiasi. Kwa watoto wadogo ni nadra, ndiyo maana wengi hawaufikirii (wewe uliufikiria, sijui ulijifunzia wapi). Sasa anatumia karbimazoli, dawa ya kupunguza homoni hizo. Tumeonywa kwamba akipata homa au koo likimuuma, tusimamishe dawa na kumwahisha hospitali apimwe chembe nyeupe za damu. Matibabu ni ya miaka, na tumekubali.

Usingizi umerudi, uzito unapanda. Macho bado yametokeza kidogo, daktari anayafuatilia. Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie, na mwanao akue salama.