Wachoraji Mwanza tunaomba magodauni yaliyokaa bure

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni.

Mimi ni mchoraji, miaka tisa nimechorea chumbani Mabatini, chumba hichohicho ndo tunalala na mke wangu na mtoto, harufu ya tapentaini usiku kucha mtoto anakohoa, picha mbichi zimeegemea kitanda na rangi ya mafuta nayo haikauki leo wala kesho, msimu wa mvua ndo usiseme. Kuna siku mtoto kaamka akapitisha kiganja kwenye picha ya mteja niliyoihangaikia wiki tatu. Sikumpiga. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe nikawaza hivi naendelea hivi mpaka lini.

Mwezi uliopita nimehamia Kirumba, godauni lililokuwa la dagaa, tupo sita tunachanga kodi, wachoraji wanne, dada mmoja anafinyanga na kijana wa batiki. Vitu vyangu vyote vilienea kwenye kirikuu safari moja. Sakafu tulisugua siku nne, harufu imepungua ila haijaisha na mi sijali kabisa.

Kuna mzee kati yetu, siku ya pili tu alisimama nyuma yangu akaniuliza, kijana hilo ziwa lako mbona bluu hivyo, hebu toka ukaliangalie. Nikatoka, ziwa lipo hapo nyuma ya ukuta, na kweli asubuhi ile lilikuwa kijani inayoelekea kijivu. Miaka tisa nachora ziwa kwa kukumbuka tu! Huyohuyo mzee ndo kanieleza kwamba vitabu vya Ulaya vinasema mchoraji atafute dirisha la kaskazini jua lisimpige, sasa sisi tupo karibu na ikweta, mwezi wa sita jua liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini, kwahiyo huku unahitaji madirisha pande zote mbili uwe unahama nalo. Chumbani peke yangu ningeyajulia wapi haya?

Dar wenzetu wana Nafasi Art Space tangu 2008, wasanii wengi eneo moja, wanafundishana na wateja wanajua pa kuwapata. Mwanza jiji zima hili ukisema una studio mtu anakuuliza unarekodi nyimbo za nani. Na kupata jengo ni vita, dalali alituzungusha sehemu nne, mwenye jengo mmoja aliposikia wachoraji akasema hataki wavuta bangi kwake, roho iliniuma sana maana hakuna hata mmoja wetu anavuta.

Naomba halmashauri zetu, Jiji na Ilemela, ile mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, maafisa waje watueleze na sisi wa sanaa, vijana wengi wa brashi hawajui hata wanaanzia ofisi gani. Na wenye magodauni yaliyofungwa mwaka mzima popo wanalala humo, mtupangishe hata kwa mwezi mwezi, tutayatunza.

Mkataba wetu ni miezi sita na mwenye godauni ameshatuambia akipata mtu wa dagaa wa kulipa mwaka mzima tunatoka. Mwenye jengo aje hapa karibu na mwalo, aulize wale wanaochora, kina mama wa samaki watamleta mpaka mlangoni.

Mchoraji,
Kirumba, Mwanza