Kabla ya bomu la Saanane kulikuwa na ujumbe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, imelitaja bomu la Saanane, kisiwa kidogo hapa Mwanza, kwa sentensi moja, kisha ikaruka hadi Kampala. Wasomaji wa Mwanza wanastahili zaidi ya hapo. Ndege iliyokuja kutupiga tarehe 29 Machi 1979 haikuwa ya Uganda. Ilikuwa Tupolev Tu-22 ya Libya, na siku chache kabla yake Kanali Gaddafi alikuwa amekwisha kuleta ujumbe Dar es Salaam: toeni majeshi yenu Uganda ndani ya saa 24, la sivyo Libya inaingia vitani. Sisi tunaofundisha historia kanda hii tunakutana na wanafunzi waliokariri hotuba ya Rais Nyerere ya kutangaza vita, ya 2 Novemba 1978, neno kwa neno, ila hawajui kabisa yaliyopita chini kwa chini kati ya wakubwa kabla na baada ya hotuba hiyo. Hilo linatuuma, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tuanze na kilomita 10 za makubaliano ya Mogadishu ya 1972, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, wapatao elfu moja walivuka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Idi Amin. Sehemu moja ya mpango ilitegemea ndege. DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa Dar es Salaam ili ipakie wapiganaji Kilimanjaro na kutua nao Entebbe. Ilipotua Kilimanjaro magurudumu yakapasuka, na safari ya Entebbe ikaishia hapo. Waliopita barabarani, upande wa Masaka na upande wa Mbarara, wakarudishwa nyuma. Amin akalipiza kwa ndege zake: Bukoba ikapigwa, na Mwanza ikapigwa. Kwa hiyo mji huu ulishapigwa mabomu zaidi ya miaka sita kabla ya lile la Saanane, jambo ambalo makala yenu haikuligusa.

Siad Barre wa Somalia akaingia kati, na tarehe 5 Oktoba 1972 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi zetu mbili wakatia saini makubaliano ya Mogadishu. Kila upande urudishe askari wake angalau kilomita 10 kutoka mpakani, na pasiwe na wa kuwasaidia wapinzani wa mwenzake.

Sasa fungua ramani. Mpaka ni mstari wa nyuzi 1 kusini, waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 bila kuujali mto. Mto Kagera unapinda kusini ya mstari huo, ukaacha kipande cha kilomita za mraba kama 1,800 ambacho ni Tanzania, ila maji yamekitenga na Tanzania iliyobaki. Kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kyaka ni kilomita 30 hivi, na Kyaka ndiko kulikokuwa na daraja la kuvukia. Kwenye karatasi kilomita 10 ni haki kwa wote. Ardhini sivyo. Askari wa Uganda akirudi kilomita 10, nyuma yake ana barabara na kambi za Masaka na Mbarara. Askari wa Tanzania akirudi kilomita 10, nyuma yake ana mto na daraja moja. Anayejua kupanga ulinzi hatabaki hapo katikati. Atavuka mto akae kusini, na wanakijiji wa kaskazini watabaki peke yao. Msuluhishi aliyekaa Mogadishu alipima umbali, hakupima mto.

Matokeo yake yalionekana Oktoba 1978. Majeshi ya Amin yalikuta kaskazini ya mto askari wachache sana, yakafika Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo lote ni lake. Ili Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lisivuke, ndege zake zilijaribu kulivunja daraja kwa mabomu zikashindwa. Tarehe 3 Novemba likalipuliwa kwa baruti, kwa msaada wa fundi aliyetolewa machimbo ya Kilembe, Uganda. Jeshi letu likalazimika kuunga daraja la muda la vyuma ndipo livuke. Viongozi wengine wa Afrika walipokuja tena na maneno ya usuluhishi, Mwalimu Nyerere hakutaka karatasi nyingine ya namna ile. Alidai Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani mvamizi, Amin akane madai yake ya ardhi, na alipe fidia. Wengi wamemwita mkaidi kwa hilo. Sisi tunaona alikuwa ameshaona thamani ya kilomita 10.

Urafiki wa Amin na Gaddafi nao haukuwa wa damu. Ulianza Februari 1972, Amin alipokwenda Tripoli. Mwezi uliofuata akawafukuza Waisraeli waliokuwa wakimfundishia jeshi. Kila mmoja alikuwa na lake: Amin alihitaji fedha na silaha, Gaddafi alihitaji rafiki kusini mwa jangwa. Vita vilipomfika Amin shingoni, Walibya wakaletwa mstari wa mbele, nao wakachapwa Lukaya tarehe 10 na 11 Machi 1979.

Hapa ndipo Mwanza inapoingia. Reli kutoka Tabora inaishia kwetu, na meli za Bukoba zinaanzia kwetu. Hapa pia palikuwa na ghala la mafuta. Anayetaka kulikausha mafuta jeshi letu lililoko Masaka, ndani ya Uganda, hana haja ya kwenda Masaka. Tu-22 ililenga ghala hilo ikakosa, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, ambacho ukisimama Capri Point unakiona hapo mbele yako. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo, swala kadhaa wakafa. Siku chache baadaye ndege zetu zikapiga Kampala, Jinja na Tororo.

Wengi wanamalizia hapo, kama kwamba kisasi ndicho kilichofunga mazungumzo na Libya. Sivyo. Nyerere hakuwa na hamu ya kufungua vita vya pili na nchi yenye mafuta na ndege za masafa marefu. Mwanzoni hata hakutaka kutangaza kwamba Walibya wako Uganda, ili Gaddafi apate mlango wa kutokea bila aibu. Entebbe ilipotekwa tarehe 7 Aprili, Walibya mamia walikufa. Kabla ya Kampala kuanguka tarehe 11, Jeshi la Wananchi likaagizwa kuiacha wazi barabara ya mashariki, ile ya Jinja, na Gaddafi akapelekewa ujumbe kwamba askari wake wanaweza kuchukuliwa kwa ndege kutoka uwanja wa Jinja bila kuguswa. Wakaondoka. Njia hiyo ilikuwa na gharama yake, maana Amin naye alitorokea upande huo huo. Kwa maoni yetu gharama hiyo ilifaa kulipwa. Kuwazingira Walibya Kampala kungemlazimisha Gaddafi kuendelea kupigana kwa ajili ya heshima yake, na shabaha ya karibu aliyoijua tayari ilikuwa Mwanza.

Kuhusu mkutano wa Moshi, wa Waganda waliompinga Amin, tutasema kwa ufupi, ingawa unastahili barua yake. Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi, siku zile zile za ujumbe wa saa 24, vikundi zaidi ya 20 vya Waganda vilikutana huko. Tanzania ilihitaji serikali ya Waganda iliyo tayari kabla Kampala haijaanguka, kwa sababu mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi moja kuingilia ya mwenzake. Obote, rafiki wa Mwalimu, aliombwa asiende, kwani wengine wasingekaa naye meza moja. Yusuf Lule akawa mwenyekiti wa umoja wao, Paulo Muwanga, mtu wa Obote, akapewa tume ya kijeshi, na baraza la ushauri likawa chini ya Edward Rugumayo. Vyeo viligawanywa, lakini suala la nani ana kauli ya mwisho katika kuteua mawaziri halikufungwa. Lule, akiwa rais wa Uganda baada ya Amin, akateua bila baraza, na tarehe 20 Juni akaondolewa, siku 68 tu baada ya kushika madaraka. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakaisema Tanzania kwa kuingia Uganda, mbele ya wakuu wenzao.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni hili. Kabla ya 29 Machi ijayo, chapisheni ramani ya Kagera yenye mambo matatu: mstari wa nyuzi 1, mto, na mstari wa kilomita 10 kutoka mpakani. Ukurasa mmoja unatosha, na mwalimu yeyote ataubandika ukutani. Pili, watumeni waandishi wenu Kyaka na Mutukula, na hapa Mwanza kwa waliokuwa bandarini, relini na Saanane mwaka ule. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo leo ni mzee sana. Waulizeni waliona nini, saa ngapi, na nani aliwaambia nini. Sisi tuko tayari kuzihakiki tarehe bila malipo.

Walimu wa historia,
Nyakato, Mwanza