Msitu wa mjini si sebule

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotunza misitu na bustani kongwe za mijini. Fedha za ukarabati zikipatikana, kazi ya kwanza huwa kusafisha. Gogo lililoanguka linaondolewa, mti mkavu unakatwa, ukuta uliomeguka unapigwa lipu, kaburi la zamani linasuguliwa mpaka ling'ae. Siku ya ufunguzi picha zinapendeza, lakini bundi keshahama.

Bustani ya Richmond, London, ilizungushiwa ukuta na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637 ili apate pa kuwindia kulungu. Wenyeji walichukia, na walikuwa na haki. Hata hivyo ukuta huohuo wa ubinafsi umeihifadhi mialoni ambayo leo ina mamia ya miaka. Kwenye mbao zake zinazooza ardhini ndimo wanamokulia mbawakawa wenye pembe kama za kulungu. Mabuu yao hula humo miaka kadhaa, kisha mdudu mzima huruka kwa wiki chache tu. Ukizoa magogo yale, umemfuta mfalme na mdudu kwa mkupuo mmoja.

Msitu wa Tijuca, Rio de Janeiro, ukiutazama utadhani uko tangu dunia iumbwe. Sehemu yake kubwa ilipandwa. Mashamba ya kahawa yalikuwa yameumaliza ule wa awali, vyanzo vya maji ya mji vikaanza kukauka, na mwaka 1861 Meja Manuel Gomes Archer akakabidhiwa kazi ya kuurudisha. Yeye ndiye anayetajwa. Waliochimba mashimo walikuwa watumwa. Anayekwenda huko kuhesabu ndege tu anapita juu ya jasho lao bila habari.

Karura, Nairobi, mbega wako juu ya miti, na chini kuna mapango yanayokumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Kama Wangari Maathai na wenzake wasingekubali kupigwa mwaka 1999 wakipinga msitu kugawanywa viwanja, leo pale tungekuwa tunasoma namba za nyumba.

Ndiyo maana nashangaa kuona kibao kimoja kikitaja majina ya ndege na kingine, mbali kabisa, kikitaja tarehe, kana kwamba popo na gofu analolala havijuani.

Ombi langu ni dogo. Kabla msumeno haujawashwa, anayejua viota na mzee anayejua makaburi wazunguke eneo pamoja, tundu kwa tundu. Tundu alilolitoboa kigong'ota mwaka huu, mwakani litakuwa nyumba ya ndege mwingine. Mti mkavu ulioinamia njia wanayopita watoto ukatwe, sibishi. Ila gogo lake liachwe palepale lilipoangukia.

Msomaji wenu