Zuhura, Deng hana mtani hapa

Sekei, Arusha
Jumapili usiku

Zuhura mpenzi,

Salamu kwanza. Huku tu wazima. Baridi imeshika, mlima haujaonekana siku ya nne kwa ukungu, na bumu, pesa yetu ya mkopo, halijatoka. Mama Joyi anakuulizia kila nikipita, anasema uliondoka na deni lake la maandazi. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na najua umenuna. Una haki. Lakini nisome mpaka mwisho ndipo uendelee kununa, maana nina jambo na nina ombi, na ombi lenyewe lina siku yake: Jumamosi hii.

Deng unamkumbuka. Yule wa Sudan Kusini aliyetubebea ndoo siku bomba lilipopasuka hosteli, ukamwambia anafaa kuwa nguzo ya umeme, naye akakujibu kwamba wewe basi uwe swichi, maana hata ukiguswa kidogo unawaka. Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Shika hilo jibu lake, nitalirudia.

Wiki ya tano ya muhula tulikuwa ukumbini, kipindi cha mchana. Mhadhiri akazima taa ili slaidi zionekane, akasema, "Deng, tabasamu basi tujue kama umekuja." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tulikuwa kama watu mia mbili. Nami nilicheka, Zuhura. Sikutabasamu tu kwa adabu, nilicheka kwa sauti, na nilikuwa nimekaa safu moja mbele yake. Nilipogeuka alikuwa anaandika. Slaidi ilikuwa bado haijatokea, ukutani hakukuwa na kitu cha kuandika.

Kesho yake alikaa karibu na mlango wa nyuma. Wiki iliyofuata hakuja. Jaribio la pili hakufanya.

Tulimtafuta mimi na Baraka, tukamkuta kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba. Sikuuliza mengi, yeye ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Getini anadaiwa kitambulisho akitoka kununua chai na anadaiwa tena akirudi, wakati Wazungu wanaokuja kujitolea wiki tatu wanapita kwa "karibu sana" bila hata kusimama. Makundi ya kazi yakipangwa, majina hujaa kabla karatasi haijawafikia, kwa hiyo wao wanne wa Sudan Kusini na yule dada wa Bukavu huwa kundi moja kila somo, mwaka wa tatu sasa. Kuna wanaomwita "Tii" na hawajawahi kumuuliza jina lake. Nilikuwa nayaona hayo yote, na kila moja nililiona dogo.

Sasa unajua mimi ni katibu wa bunge la wanafunzi. Nikaandika hoja yenye mambo mawili. La kwanza, kifutwe kile kifungu cha katiba yetu kinachosema nafasi za uongozi ni za raia wa Tanzania pekee. La pili, iundwe kamati ya kupokea malalamiko ya ubaguzi, na wanafunzi kutoka nje wawe ndani yake kwa haki, sio kwa kualikwa. Nilidhani itapita asubuhi tukanywe chai. Spika akasimama akasema Tanzania hatuna ubaguzi, mambo hayo ni ya Afrika Kusini na Marekani, na lile la ukumbini ni utani, na utani ni mila yetu. Akapigiwa makofi. Ilitakiwa theluthi mbili, tukapungukiwa kura nne. Kinachoniuma zaidi ya zile kura ni kwamba niliposikia neno utani nilikosa la kujibu. Nilikaa chini.

Mwingine naye alisema maneno hayavunji mfupa. Huyo nilimjibu. Nilimwambia kwamba katika mji huu huu, pale AICC, kituo cha mikutano, ilikaa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, na Desemba 2003 iliwatia hatiani watu wa redio na gazeti kwa yale waliyotangaza na kuandika. Wakanizomea. Baraka anasema nilikosea kupima, kwamba kicheko cha darasani na mauaji ya halaiki haviwekwi kwenye sentensi moja. Labda. Bado nalifikiria, nitakuuliza chini.

Lakini utani ndio umeninyima usingizi. Nimeugeuza huku na huku mpaka nikakumbuka msiba wa babu yako, Muheza. Unakumbuka watani wenu walivyofika? Yule mzee aliyeingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, na mama yako akacheka katikati ya kilio? Mimi nilikuwa mgeni, nikashtuka, wewe ukaninong'oneza, "Huyo ana haki." Halafu nikaona ni hao hao waliokuwa wamekesha, waliopika, walioshika majembe. Nawe ukaniambia wakifiwa wao, ninyi ndio mtakaokwenda kuwasumbua na kuwazikia. Huo ndio utani ninaoujua. Mchaga akimtania Mpare, Mpare ana lake la kurudisha, na siku ya shida watakutana.

Deng ana mtani gani hapa? Amrudishie nini mhadhiri, tena gizani, mtu anayemsahihishia mtihani? Siku baba yake alipofariki Juba mwaka jana, nani kati ya waliomcheka alikwenda chumbani kwake kumpa pole? Mimi sikwenda. Nilisikia, nikasema nitakwenda, ikapita wiki, nikaona aibu. Kwa hiyo hata kama nilikuwa namtania, utani wangu ulikuwa nusu: nilichukua kicheko, msiba nikauacha. Wewe ulimwita nguzo akakwita swichi, mkawa sawa sawa. Na wewe ndiwe uliyemchangia nauli alipougua. Hapo ndipo ninapoiona tofauti, lakini nikisimama mbele ya bunge inanikimbia. Wewe unayesoma sheria ungeisemaje kwa sentensi mbili?

Katiba ya nchi iko upande wetu, nimeisoma tena. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Haisemi Watanzania wote, inasema binadamu. Na ya 13 inapoeleza maana ya kubagua inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, rangi. Azimio la 1967 lililobeba jina la mji wetu linaanza na imani ile ile, binadamu wote ni sawa. Tunapita pale Mnara wa Mwenge, mnara wa Azimio lenyewe, kila siku kwa kifodi kwenda Kilombero. Na bendera ya Sudan Kusini inapepea makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, humu humu mjini, tangu walipojiunga 2016. Halafu katiba ya wanafunzi inamwambia Deng hawezi kuwa hata waziri wa michezo.

Nilimpelekea bibi hayo mambo, Jumapili iliyopita, nikiwa nala loshoro yake. Yeye alikuwa binti mdogo 1951 Waingereza walipowahamisha Wameru kule Engare Nanyuki, watu karibu 3,000, nyumba zikachomwa ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Anachosimulia daima ni moshi na ndama waliopotea. Kirilo Japhet, msemaji wao, akaenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, 1952, hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Ila sikuwahi kutia maanani kwamba wakili aliyesimama nao, Earle Seaton, aliyekuwa na ofisi Moshi, alizaliwa Bermuda. Nikamuuliza bibi, mlimwonaje mgeni yule? Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Alikuja tulipokuwa na shida." Akaendelea kuosha kibuyu.

Ndiyo maana ombi langu ni la chuoni kwenu, Mlimani. Rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1971, Symonds Akivaga, alikuwa Mkenya. Wanafunzi ndio waliomchagua. Alipofukuzwa chuo na kurudishwa Kenya, hawakusema aende kwao, waligomea masomo kwa ajili yake. Na kabla yake, 1967, Museveni, Mganda, alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanamapinduzi hapo hapo. Nataka karatasi ya wakati ule mkononi: ukurasa wa gazeti, tangazo, chochote kutoka ile sehemu ya East Africana ya maktaba yenu. Spika hawezi kuiambia karatasi ya 1971 kwamba haya ni mambo ya Marekani. Nitarudisha pesa ya fotokopi bumu likitoka, naapa.

Kuna lingine linanisumbua. Nani aisome hoja? Awali niliona ni mimi, kwa kuwa ni katibu na najua kanuni. Yule mwalimu wetu wa Historia, nilipompigia, akanikumbusha habari ya Steve Biko, mpinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Mwaka 1967 umoja wa wanafunzi wa Afrika Kusini, NUSAS, ulifanya mkutano Chuo Kikuu cha Rhodes, chuo kikakataza wajumbe weusi kulala pamoja na weupe, na mkutano ukaendelea. Wenzao weupe walikuwa wanapinga ubaguzi kwa dhati, walitoa hata azimio, kisha wakalala kwenye mabweni. Akina Biko wakaona watu hawawezi kusemewa maisha yote. SASO, umoja wa wanafunzi weusi wenyewe, ikazaliwa 1968, mwaka uliofuata ikazinduliwa Turfloop, Biko akawa rais wake wa kwanza. Mwalimu hakuongeza neno, akakata simu, unamjua. Nami nikabaki na karatasi yangu, nimemwandika Deng kama "mwathirika" mara saba.

Nilimpelekea juzi aisome. Akafuta "mwathirika" zote saba kwa kalamu nyekundu, akarekebisha na kistari mahali pengine. Kisha akasema ataisoma yeye mwenyewe Jumamosi, kwa sharti moja: kwanza asimame mtu mmoja katika wale waliocheka, aseme kwamba alicheka. Hakunitazama aliposema hivyo. Sijui kama anajua.

Zuhura, yule mhadhiri ndiye msimamizi wa utafiti wangu. Sura ya nne iko mezani kwake tangu mwezi uliopita. Simchukii, na sitaki afukuzwe, ni mtu aliyenifundisha vizuri. Nataka ajue tu kwamba aliposema yale mtu mmoja aliacha kuja darasani. Nikisimama nitasema nilicheka. Lakini ukumbi utauliza nilicheka nini, na nikieleza nimemtaja hata nisipomtaja. Nimejaribu kuliandika usiku huu mara tatu na kila mara najikuta nimejitetea.

Basi nijibu. Nianze na lipi, kicheko au msiba ambao sikwenda? Nimwone mhadhiri ofisini kabla, au atadhani naomba ruhusa? Ile ya mahakama ya Rwanda niiache au niiweke mwishoni kwa upole? Kwenu kuna kifungu cha uraia, na kama kilifutwa, kilifutwa lini na walisema nini? Na swali hili ulijibu kweli hata kama litaniuma: ulipokuwa huku, ulishawahi kuniona nikimfanyia hivyo mwingine? Wewe unakumbuka vitu ambavyo mimi husahau.

Karatasi mpe kondakta wa basi la alfajiri Alhamisi, uniandikie namba ya gari, nitaisubiri stendi. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie mguu aende hospitali, asingoje likizo yako.

Mama Joyi nimemlipa. Ilikuwa elfu mbili na mia tano.

Wako,
Upendo