Marejeo ya mwongozo wa Python: someni kabla ya kutuma faili

Habari za jioni wote. Nimemaliza kupitia sura ya 4. Tafsiri imenyooka, hongereni sana. Kinachoniumiza ni marejeo, yaani viungo vya kumpeleka msomaji sehemu nyingine ya mwongozo.

Sehemu ya 4.2 tumeiita “Majina na Vifungo”. Kwenye sura ya 7 mwenzetu ameandika kwa mkono “tazama Utoaji wa Majina”. Msomaji atakitafuta kichwa hicho mpaka achoke, maana hakipo. Jamani, vichwa tusiviandike kwa mkono. Wekeni :ref:`naming` peke yake (naming ni lebo, yaani anwani, ya sehemu ya 4.2). Sphinx, programu inayotujengea kurasa, itachukua kichwa kama kilivyo huko kwenye sehemu yake. Tukikibadilisha kesho, kinabadilika kila mahali.

Lebo haitafsiriwi! Nimekuta :ref:`kanuni za majina <majina>`. Maneno ya mbele ni yetu, tuyatafsiri tupendavyo, lakini kilicho ndani ya mabano ni anwani. Ibaki <naming>.

Lebo ikikosekana, Sphinx hutoa onyo, hilo halinisumbui. Ninaloogopa ni kama :meth:`str.splt` badala ya str.split, herufi moja imeruka. Hapo inakaa kimya: ukurasa unajengwa vizuri, jina linaonekana, ila kiungo hakuna. Ongezeni -n kwenye amri ya sphinx-build ndipo mtayaona makosa ya aina hiyo. Mimi jana nimeyapata hivyo hivyo.

Aliyeshika sura ya 7 na aliyeshika ya 8 wanijibu hapa leo kabla hawajaendelea, tusije tukagongana. Orodha ya istilahi nimeibandika juu ya kikundi.