Barua ya Wazi kwa Mashabiki wa Jumamosi wa Columbus: Nani Mwenye Haki ya Kusema "Sisi"?

Columbus, Ohio
Agosti 2025

Wanangu na wadogo zangu,

Nawasalimu nyote, mliotoka Kigoma na Bukavu, Mombasa na Bujumbura, mnaovaa nyekundu na kijivu za Ohio State, chuo cha hapa mjini, pamoja na ninyi wachache mnaovaa buluu na njano za chuo cha Michigan katikati ya mji usiozipenda rangi hizo. Nawaandikia kabla msimu wa futiboli ya vyuo, ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi, haujafunguliwa, kwa sababu kuna jambo lililotokea kati yetu Novemba iliyopita ambalo nimelinyamazia kwa miezi tisa nikidhani kwamba siku zitalipoza. Halijapoa, na mimi niliye mkubwa wenu kwa umri nina sehemu yangu katika lawama hiyo ya kunyamaza.

Mnaikumbuka Novemba 30, 2024. Ohio State ilikuwa ya pili nchini, ikicheza kwake, na Michigan ilikuwa na msimu dhaifu ambao haukumtisha mtu. Sebule yangu ilijaa, watoto walikaa juu ya mazulia, na hata waliokuwa wametoka kazini alfajiri hawakukubali kulala. Mchezo ukaisha 13 kwa 10, Michigan ikiwa imeshinda kwa mara ya nne mfululizo. Wachezaji wake wakaleta bendera yao kutaka kuisimamisha katikati ya uwanja, vijana wa Ohio State wakawavamia, na polisi wakatumia dawa ya kuwasha macho kuwatenganisha. Hayo yalionwa na nchi nzima.

Nchi nzima haikuona yaliyotokea sebuleni kwetu. Mmoja wenu, kijana mwenye shahada na kazi ya ofisini, alimgeukia mwenzake aliyekuwa akiishangilia Michigan na kumwambia, "Wewe unayebeba maboksi ghalani usiku kucha, hukusoma Michigan, hukusoma Ohio State, hukusoma popote. Hiyo 'sisi' unayoisema umeipata wapi?" Yule mwenzake aliiweka sahani chini, akachukua koti lake, akatoka nje kwenye baridi bila kujibu, na tangu siku hiyo hajaketi nasi tena. Mwezi wa Februari alipofiwa na mama yake huko Uvira, wengi wetu tulikwenda kwake, tukachanga, tukakesha. Aliyemwambia maneno yale hakutokea.

Swali lenyewe nataka kulijibu, kwa sababu wengine wenu mlicheka lilipoulizwa, na kucheka kwenu ni dalili kwamba mlidhani lina haki ndani yake.

Chuo cha Ohio State kilianzishwa mwaka 1870 kikiitwa chuo cha kilimo na ufundi. Kilizaliwa na sheria aliyoitia saini Rais Lincoln mwaka 1862, ambayo ilizipa majimbo ardhi ya kuuza ili fedha zake zijenge vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi, wasome humo watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wa mikono, watu ambao vyuo vya zamani havikuwa na habari nao. (Ardhi hiyo nayo ilikuwa imetoka mikononi mwa wenyeji wa asili wa nchi hii, mara nyingi kwa nguvu na hila, na si vizuri sisi tuliofukuzwa kwetu tukalisahau hilo.) Kwa hiyo mbeba maboksi hakuingia kwa mlango wa nyuma katika habari ya vyuo hivi. Yeye na watoto wake ndio waliokuwa wakifikiriwa tangu mwanzo. Michigan nayo, iliyoanzishwa mwaka 1817, ni chuo cha umma, na ndugu yetu alipofika Marekani alipokewa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, akafanya kazi huko na kulipa kodi huko kabla ya kuhamia kwetu. Jirani yake wa kwanza, mzee mmoja mzungu, alimkuta akitetemeka kituoni, akampa koti lenye herufi M kifuani, na Jumamosi iliyofuata akamwita ndani na kumfundisha mchezo: kwamba timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na ikishindwa mpira ni wa wapinzani. Hiyo "sisi" aliipata hapo. Sijui njia iliyo halali zaidi ya kuipata.

Ohio Stadium inachukua watu 102,780 na Michigan Stadium 107,601, na hakuna mlango katika viwanja hivyo unapoulizwa cheti cha kuhitimu. Mimi mwenyewe nimeishi mji huu miaka 26 na sijawahi kukaa darasani katika chuo kile hata siku moja. Nimeipenda timu yake kwa sababu ndiyo iliyonipa neno la kwanza la kuzungumza na majirani, wakati Kiingereza changu kilikuwa hakijafika popote.

Sasa nizungumze kuhusu utani, kwa maana nawasikia mkijitetea kwamba yale yalikuwa utani tu, na kwamba Ohio State na Michigan ni watani wa jadi kama Simba na Yanga. Nakubali kabisa kwamba ni watani. Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897, na wiki ya mchezo wao ikifika, watu wa chuo hapa Columbus hupita wakiziba kila herufi M kwenye majengo kwa utepe mwekundu. Lakini mimi ni Mnyamwezi, nimelelewa ndani ya utani, na watani wangu ni Wazaramo, kwa hiyo nina haki ya kuwaambia kwamba neno hilo mnalitumia nusu. Mtani anaweza kuja msibani kwangu akaingia kaburini na kulala humo, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ameruhusiwa hayo yote kwa sababu yeye ndiye anayechota maji, anayepika, anayesaidia kuchimba, anayebaki na wafiwa wageni wengine wakishaondoka. Ulimi wake umelipiwa kwa mikono yake. Anayetoa maneno makali halafu asionekane siku ya msiba hajafanya utani, ametukana, na kwetu mtu huyo angeitwa kikao.

Wenyewe wa mchezo huu wanalijua jambo hilo, ingawa hawana neno la kuliita. Woody Hayes aliifundisha Ohio State kuanzia mwaka 1951 hadi 1978, na inasemekana sana kwamba jina la Michigan hakupenda hata kulitamka, akiiita timu ile ya kaskazini. Bo Schembechler alikuwa mchezaji wake, kisha msaidizi wake, halafu mwaka 1969 akaenda kuwa kocha wa Michigan, na mwaka huohuo akamfunga mwalimu wake. Walipambana miaka kumi bila kuhurumiana hata kidogo. Walipostaafu uadui ule walibaki marafiki mpaka Hayes alipofariki mwaka 1987. Kisha ikaja Novemba 2006, timu mbili hizo zikiwa ya kwanza na ya pili nchini, zote hazijafungwa, na mchezo uko Columbus. Siku moja kabla ya mchezo, Schembechler akafariki. Nilikuwa mbele ya televisheni Jumamosi ile nikaona uwanja mzima wa Ohio State, watu zaidi ya laki moja waliokuja kuizomea Michigan, wakinyamaza kwa heshima ya kocha wa Michigan. Baada ya hapo wakazomea kwa nguvu zao zote, na Ohio State ikashinda 42 kwa 39. Nilimwambia mke wangu siku ile kwamba hawa watu ni watani wa kweli.

Nisieleweke kwamba nataka mpunguze mabishano. Nisingeamka kutayarisha chai ya watu wengi kila Jumamosi kama nisingeyapenda. Hakuna darasa mjini hapa linalozidi sebule ile siku mjadala unapopamba moto. Juni mwaka huu, mahakama ilipoidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, mlibishana jioni nzima ingawa hapakuwa na mchezo wowote. Mmoja alisema kusomeshwa bure kunatosha. Binti yetu muuguzi akamjibu kwamba yeye huwaona wanaume wa miaka 40 wenye magoti ya wazee, na akauliza nani atayalipia magoti hayo. Mwingine akataka kujua wasichana wa mpira wa wavu na wa riadha watapata nini katika mgao huo. Kutoka hapo mkafika kwenye karo za watoto wenu, na fedha tunazotuma nyumbani, na iwapo kijana anayepata dola nyingi akiwa na miaka 19 anapaswa kumjengea mama yake kwanza au kuweka akiba. Mdogo wetu wa Goma alisema neno ambalo bado nalifikiria: kwamba kwao kijana mwenye nguvu hupewa bunduki, na hapa hupewa mpira, kwa hiyo yeye hatabishana na yeyote juu ya bei. Nyumba nzima ilikaa kimya. Mabishano ya namna hiyo nayaombea yaendelee.

Nayaombea pia mabishano ya mchezo wenyewe, yafanywe kwa ushahidi. Januari mwaka huu Ohio State, ambayo kamati inayochagua timu za mchujo wa ubingwa iliiweka nafasi ya sita na ambayo isingeingia kabisa mchujo ungebaki wa timu nne kama zamani, ilishinda ubingwa wa nchi kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23. Je, bingwa aliyefungwa nyumbani na mtani wake ana mwaka mwema kuliko mtani aliyemfunga? Swali hilo halina jibu moja, na ndiyo maana ni zuri. Anayesema timu isiyosogeza mpira haiwezi kushinda, akumbushwe Novemba 1950, theluji ilipofunika uwanja hapahapa Columbus, na Michigan ikashinda 9 kwa 3 bila kufanikisha zile yadi 10 hata mara moja, kwa sababu ilizuia mateke ya Ohio State na kupata alama zake zote humo. Nendeni mkasome, mrudi mbishane.

Ninalokataza ni hili: kazi ya mtu, karatasi zake za uhamiaji, elimu yake na maiti zake haviingii katika hoja ya mpira. Na wachezaji nao waacheni. Yule anayekosa teke la mwisho ni mtoto wa miaka 19 au 20, umri wa wanenu, na nimesikia mkimtaja kwa majina ambayo msingependa mwanenu aitwe. Dada zetu wakizungumza msiwakatishe. Wawili kati yao wanaujua mchezo huu kuliko wanaume wote niliowataja.

Kwako wewe uliyesema yale maneno: najua kwamba hukwenda Februari kwa sababu ya aibu, na aibu ni bora kuliko ujeuri, lakini inazidi kuwa nzito kadiri unavyoibeba. Nenda kwake Jumapili, asubuhi, siku ambayo hayuko zamu. Usitume ujumbe wa simu, usitume mtu. Mpelekee sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda kuhani, kwa sababu bado hujahani. Ukitaka mzee wa kukusindikiza, mimi nipo.

Na kwako uliyeondoka: kiti chako kile kilicho karibu na dirisha hakijakaliwa na mtu. Njoo na koti lako la M.

Texas inakuja Columbus Jumamosi, Agosti 30, na mchezo unaanza saa sita mchana. Mlango utakuwa wazi kuanzia saa nne. Atakayeleta mchele aniarifu mapema ili tusinunue mara mbili. Mchezo wa Michigan safari hii utakuwa Ann Arbor, mji wa chuo chao, Novemba 29, na ningependa tuwe tumeshasema yote tunayopaswa kusemezana kabla ya siku hiyo.

Ni mimi mzee wenu.